Wimbo wa Tano wa Bwera

Aliyekuwa na siri Bwera mwaka ule wa 2014 alijua pa kutoipeleka: saluni kwa Shamira. Pale nywele zilisukwa, watu wakafumuliwa. Mwanamke aliingia na kichwa chake kimoja akatoka na habari za nyumba saba, na kama habari yake mwenyewe haikuwamo, basi ilikuwa imeshasemwa kabla hajaingia.

Alhamisi hiyo watu walijaa hadi mlangoni. Wengine walikalia makreti ya soda, wengine walisimama na mafuta ya nywele yakiwatiririka shingoni, maana Shamira alikuwa ameacha vichwa vitatu nusunusu ili aendeshe mkutano. Redio Theluji ya Kasese ilikuwa imetangaza shindano la mashabiki wa Kavira Dorika, yule mwimbaji wa Butembo ambaye sauti yake ilivuka mto Lubiriha wa mpakani kila siku bila kuombewa kibali. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amechagua nyimbo zake tano anazozipenda, akaziweka moyoni. Mashabiki wa kila mji nao wachague tano. Watakaolingana naye zaidi ndio atakaokwenda kuwaimbia, kiwanjani kwao, mchana kweupe.

"Akija Bwera," Shamira alisema, "mimi ndiye nitakayemsuka. Hilo halipigiwi kura."

Evas alifika katikati ya mabishano, termosi mkono huu, beseni la chapati kichwani. Alikuwa ameamka saa kumi za usiku akakanda unga, akachoma, akauza, akaosha, akakanda tena. Aligeuza kopo la rangi akaketi juu yake, akavua kandambili, akaziangalia nyayo zake kama mtu anayewaangalia wageni waliokaa mno.

"Karani amefika," Shamira alisema. "Shika kalamu, dada yangu. Mwandiko wa Kathembo ni kuku amepita kwenye tope."

"Kuku anafika anakoenda," alijibu Kathembo. Alikuwa dereva wa bodaboda, mwanamume pekee aliyethubutu kukaa katika saluni ile bila kuwa na mke wa kumngoja.

Nyimbo nne hazikuwasumbua. "Nirudishie Sufuria" ilipita bila mtu kunyanyua mkono, maana nani angeikataa. "Shemeji Kaa Mbali" ilipita kwa vicheko. "Mlango wa Nyuma" na "Mvua ya Butembo" zikafuata, moja ikapigiwa makofi na mwanamke ambaye kila mtu alijua mlango wake wa nyuma una kazi gani. Evas aliandika, mstari kwa mstari, herufi zimesimama wima kama askari.

"Ya tano," Shamira akasema, na kabla hajamaliza, saluni nzima ikaitika kwa sauti moja, hata mwenye kichwa ndani ya sinki:

"'Nani Ataniuliza'."

Kalamu ya Evas ikasimama.

Wimbo ule haukuwa wa Kavira Dorika. Ulikuwa wa Evas.

Aliuimba mwaka wa 2009, nyuma ya kibanda cha Musitafa, kwenye kichumba ambacho kuta zake zilipigiliwa trei za mayai ili pikipiki za barabarani zisiingie ndani ya sauti. Musitafa alikuwa mjaza nyimbo. Ulimpelekea simu, akachomoa memori kadi, akaitia kwenye kompyuta yake, ukaondoka na nyimbo mia za kusikiliza mpaka memori iharibike. Siku hiyo Evas alitoka Katwe, kwenye ziwa la chumvi, kumtazama mama yake, Eseri, aliyekuwa amesimama kwenye maji ya chumvi tangu asubuhi, akiikwangua kwa mikono, na alirudi Bwera na maneno kichwani yasiyomwacha alale. Musitafa alimwekea mlio wa gitaa, akamwambia imba. Akaimba mara moja tu.

*Nimesimama majini, jua halijaamka,*
*chumvi yanila miguu, jua lanila mgongo.*
*Wapitao husema, mama, chumvi yako nyeupe.*
*Nani ataniuliza kama nimechoka.*

Na mwishoni, kama waimbaji wote wafanyavyo, alijitaja: *ni mimi Masika, mtoto wa mwanamke wa Katwe.*

Kisha akaogopa. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya kwanza, na katika kwaya yao aliyeonekana ameimba nyimbo za dunia alikaa benchi la nyuma mpaka wazee wamhurumie. Akamwambia Musitafa, usiandike jina langu. Musitafa akamwambia, mama, faili isiyo na jina hata bure hawaichukui. Basi akaitupa ndani ya nyimbo za Kavira Dorika, namba kumi na tisa, na kuanzia hapo kila aliyejaziwa Kavira alijaziwa na Evas bila kujua. Memori kadi zikaenda Hima, zikaenda Kasenyi kwa wavuvi, zikavuka mpaka. Wimbo ukatembea kwa miguu ambayo mwenyewe hakuwa nayo. Hata Eseri kule Katwe aliusikia kwenye simu ya mchukuzi wa chumvi akamwambia bintiye, "Huyo Mkongo ana akili. Chumvi anaijua." Evas akasema, "Ndiyo, mama," akageukia sufuria.

"Mimi niko na swali," Kathembo alisema.

"Huna."

"Niko nalo. Kavira ni nani kwetu? Hata ng'ambo ya mto ni vilevile. Kavira ni mtoto wa kike wa pili. Masika ni wa kwanza. Huyu wa kwenye wimbo anasema ni mimi Masika. Mutu anaweza kutoka tumbo moja mara mbili, wa kwanza na wa pili?"

Watu wakacheka, lakini Wakonzo, wenyeji wa pale, walicheka nusu. Kila mmoja alibeba nafasi yake ya kuzaliwa kwenye jina lake, na hesabu hiyo haikosewi. Evas aliinamia karatasi.

"Na wewe Kathembo ni wa ngapi?" Shamira akauliza. Kwao walikuwa Waislamu wafanyabiashara, majina ya kuhesabu watoto hawakuwa nayo, lakini miaka ishirini ya Bwera ilikuwa imemfundisha.

"Wa tano."

"Basi kaa chini, subiri wanne waliokutangulia waseme kwanza." Saluni ikalipuka. "Anamwimbia dada yake mkubwa. Msanii ana ruhusa. Na anaitaja Katwe, jamani. Mutu wa Butembo anaitaja Katwe. Anatupenda sisi. Hiyo ndiyo atakuwa ameiweka ya kwanza. Andika, Evas."

Evas akaandika. Herufi zililala kidogo.

Halafu Shamira akasoma karatasi ya masharti, kwa kuwa alipenda kusoma mbele za watu. Orodha ipelekwe Kasese Jumamosi na wajumbe wawili. Kura moja kwa mji mmoja. Na sharti la mwisho: wimbo usio wa msanii ukiingia kwenye orodha, orodha nzima inatupwa.

"Hilo ni la watu wa Hima," Shamira akasema. "Wale hawajui kusikiliza."

Jioni Evas alipitia kwa Musitafa. Alimkuta amekunja miguu juu ya kiti, anakula mihogo.

"Futa ule wimbo," akamwambia.

"Nifute wapi? Kwenye simu za watu elfu?" Musitafa alimsogezea sahani, na Evas akakataa kwa mkono. "Miaka mitano, Evas. Wewe ndiye uliyesema usiandike jina. Mimi nilikutafutia nyumba ya kulala tu."

"Wakiupeleka watatupwa. Shamira ameshanunua nyuzi za kumsukia."

"Basi waambie ni wako."

"Nikisema, kwaya inaniweka benchi. Na watu watanicheka. Muuza chapati na Kavira."

Musitafa alitafuna, akameza. "Ukinyamaza, Bwera inaaibika. Ukisema, unaaibika peke yako. Mimi sijui, mama. Mimi ni mjaza nyimbo."

Usiku huo hakulala vizuri, lakini hilo halikuwa jambo jipya. Ijumaa ilikuwa siku ya soko la Mpondwe, chapati mia mbili, na uchovu ukamwondolea hata nafasi ya kuwaza.

Jumamosi asubuhi Kathembo aliwapakia wawili, Shamira katikati kama mwenyekiti, Evas nyuma na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kitenge. Shamira hakunyamaza hata kilomita moja. Aliongea na upepo, aliongea na mgongo wa Kathembo, alisalimia watu wasiomsikia. Walipokaribia njia panda ya Kikorongo, tairi la nyuma likaanza kuyumba.

"Pancha," Kathembo akasema. "Nilisema wawili mko wazito, mkanikasirikia."

Walikaa kando ya barabara, nyasi kavu zikiwachoma mapaja, huku Kathembo akiusugua mpira kwa msasa. Kutoka pale, barabara moja ilikwenda Kasese, nyingine ilishuka Katwe. Lori lilipita limejaa magunia ya chumvi, yanadondosha maji yake meupe kwenye lami. Evas alilitazama mpaka likapotea.

Alichoka ghafla. Si miguu, wala mgongo. Alichoka kubeba.

"Shamira," akasema. "Ule wa tano si wa Kavira."

"Usianze na wewe. Huyu Kathembo ameshakuambukiza."

"Ni wangu. Niliuimba kwa Musitafa. Yeye akauweka kwa Kavira kwa sababu nilikataa jina langu."

Shamira akamgeukia taratibu, kama mtu anayesikia panya ndani ya gunia. "Imba."

"Shamira..."

"Nimeusikiliza huo wimbo miaka mitano. Nimeulilia wakati mume wangu anaondoka. Ukiwa wako, imba hapa."

Evas akaimba. Hakuinua sauti, hakuwa nayo ya kuinua. Aliimba akiangalia njia ya Katwe, na alipofika kwenye *nani ataniuliza*, pumzi ikamkatikia mahali palepale ilipokatika siku ile kati ya trei za mayai, mahali ambapo Bwera nzima ilizoea kuguna pamoja naye.

Kathembo alikuwa ameacha kusugua.

"Masika," akasema polepole. "Wewe ni Masika. Miaka yote nakunywea chai."

Shamira akafuta uso kwa ncha ya hijabu. "Nimekufungulia kwenye simu chumbani kwangu kila usiku na hujawahi kuniitikia," akasema. "Asubuhi unaniuzia chapati unaniuliza sukari vijiko vingapi."

"Nisamehe."

"Sikusamehei. Toa karatasi."

Evas akaitoa. Shamira akampa kalamu, naye Evas kwa mkono wake mwenyewe akapiga mstari juu ya "Nani Ataniuliza", mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika "Harusi ya Jirani", kwa sababu ndio wimbo wa kwanza uliokuja kichwani mwa Kathembo na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana.

Kasese jua lilikuwa limekaa juu ya mabati kama limelipiwa pango. Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kimefungwa mapazia mazito, na ndani yake walikaa wajumbe wa miji mitatu, wakitazamana kama wake wenza. Mtangazaji alikuwa kijana wa sauti nene kuliko mwili wake. Alimpigia simu Kavira Dorika, sauti yake ikatoka kwenye spika, imefifia na ina mikwaruzo, akawasalimia wote kwa Kiswahili cha kwao: "Wandugu, habari yenu? Niko na kikombe ya chai, muniulize polepole."

Wakaanza na Hima. Wimbo wa kwanza, mtangazaji akapiga kipande. Wa pili, wa tatu. Wa nne, akabonyeza, na gitaa la Musitafa likajaza chumba.

*Nimesimama majini, jua halijaamka.*

Shamira akamkamata Evas mkono juu ya kifundo, akaminya. Evas alitazama sakafu. Kwenye redio sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyoijua. Alifikiria redio zote zilizowashwa saa hiyo: vibanda vya Kasese, vituo vya boda, mwambao wa Katwe ambako wanawake hutundika redio kwenye mti wa kukaushia nguo.

"Huyu si mimi," Kavira akasema kwenye spika. "Huyu simujui."

Wajumbe wa Hima wakaruka. Wakasema haiwezekani, wanao kwenye simu, umeandikwa Kavira Dorika namba kumi na tisa. Wakaonyesha simu. Mtangazaji akacheka hewani, akasema orodha ya Hima imetupwa, na poleni sana. Mmoja wao, baba mzima mwenye kofia, alifunika uso kwa kofia hiyo, na Evas akahisi kama yeye ndiye aliyemfunika.

"Lakini muulize nani ameimba," sauti ya Kavira ikarudi. "Huyo mwanamuke amechoka kweli. Mimi ninaimbaka uchovu, yeye iko nao."

"Basi nani anamjua?" mtangazaji akauliza kwa mzaha, kama mtu anayeokota kiatu kimoja barabarani. "Aliyepoteza wimbo apige simu."

Shamira alitazama mbele, midomo amebana, amemwachia mwenyewe. Evas aliwaza benchi la nyuma. Aliwaza mama yake na yule Mkongo mwenye akili. Kisha akanyoosha mkono akaivuta maikrofoni ya wajumbe, iliyokuwa na harufu ya mate ya watu wengine.

"Naitwa Masika Evas," akasema. "Ninauza chapati Bwera. Wimbo ni wangu. Watu wa Hima wasichekwe, kosa ni langu, mimi ndiye niliyekataa uandikwe jina. Mama, kama unasikia, yule Mkongo ni mimi."

Mtangazaji alimtazama, akatazama saa ukutani.

"Haya, asante mama wa chapati," akasema. "Sasa Bwera, orodha yenu."

Bwera walilingana na Kavira mara tatu. Kasese mjini mara nne. Bwera hawakuukosa wa tano tu, "Harusi ya Jirani"; hata "Mlango wa Nyuma" Kavira aliukataa, akasema aliuimba kwa shinikizo. Wajumbe wa Kasese wakakumbatiana, na Shamira akawapa mkono mmoja mmoja, kucha mbele. Akiwa mlangoni aliwaambia kwa upole kwamba mwimbaji akija wamtafutie msusi, maana wa Kasese wanavuta nywele hadi kipara.

Njiani kurudi, simu ya Evas iliita Kikorongo palepale. Alikuwa mama yake. Alisikiliza muda mrefu, akasema "Ndiyo," akasema "Ndiyo" tena, akakata.

"Amesema nini?" Shamira akauliza.

"Amesema gitaa lilikuwa kubwa mno. Na kwamba kwenye maji huingia baada ya jua kuamka, si kabla. Ameniuliza mbona nimeimba uongo."

Kathembo alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Shamira naye akashindwa kujizuia. Evas alicheka mwisho, kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Jumapili, kabla ya ibada, kiongozi wa kwaya, Ketura, alimvuta pembeni chini ya dirisha. Hakuwa mkali. Alimshika bega, akasema wazee wamekaa, wameona ni vizuri dada Evas apumzike kidogo, miezi mitatu au zaidi, benchi la nyuma. Evas alikwenda akakaa. Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa na mtu apumzike, na alipoambiwa ilikuwa adhabu. Wanakwaya walipoanza, sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba, na watu wawili watatu waligeuza shingo kumtafuta aliko.

Na Bwera? Bwera ilikuwa Bwera. Wiki ya kwanza walijaa kwake kumtazama, wakala chapati nyingi, wakamwomba aimbe huku anageuza kikaangio, akakataa. Wiki ya pili wakaanza kusema kwamba kwa kweli ule wimbo ulikuwa mrefu. Wiki ya tatu mwanamke yule wa sinki alisema yeye tangu mwanzo aliona sauti ina kasoro. Maneno yaleyale, pumzi ileile iliyokatika, lakini ulikuwa wimbo wa Butembo na sasa ulikuwa wimbo wa jirani anayekudai vikombe. Wengi waliufuta. Musitafa aliuandika upya kwa jina lake, Masika Evas, akamwambia kila aliyepita kwamba katika mwezi mzima wamejaziwa watu sita.

Shamira alikuwa mmoja wao. Bado hakuwa amesamehe, lakini saluni ikifungwa aliufungulia.

Siku moja ya Jumanne, soko limemalizika, Evas alikuwa anakanda unga wa kesho. Mikono ilikuwa mizito hadi viwikoni. Kathembo alikaa kwenye benchi mbele ya kikombe kitupu, amelegeza viatu. Simu yake ikaanza kuita mfukoni, na mlio wake ulikuwa gitaa la Musitafa, likafuatwa na sauti ya Evas.

Evas aliendelea kukanda. Simu iliita hadi kwenye miguu na mgongo, ikaita hadi kwenye chumvi nyeupe.

"Pokea simu, Kathembo. Abiria huyo atakwenda kwa wengine."

Kathembo aliiweka mezani, kioo juu, hakuigusa.

"Aende," akasema. "Ngoja kwanza Masika amalize."